Nilivyoacha kufundisha laivu masaa mawili na wanafunzi wakabaki

Jamani niwasimulie hii kozi yangu ya mtandaoni ya kutunza hesabu za biashara ndogo, maana awamu ya kwanza iliniuma sana. Nilianza na wanafunzi 24, Zoom kila Jumamosi saa mbili usiku, masaa mawili mazima naongea mimi tu na slaidi zinapita, kufika wiki ya nne wamebaki saba. Nikajua ni uvivu. Nikaja kuwapigia simu waliopotea, dada mmoja mwenye banda la chipsi Mbagala akaniambia "mwalimu, saa mbili ndo watu wanakula, nikifunga banda nikusikilize wewe, kesho viazi nanunua na nini?" Sikuwa na jibu.

Ndo kusomasoma nikakutana na mfumo wa HyFlex, wa Brian Beatty wa San Francisco State University kule Marekani, walianza nao 2006 hivi. Mwanafunzi anachagua kila kipindi aje darasani, aingie laivu mtandaoni au asome baadaye kwa muda wake, na njia zote zimfikishe palepale, yaani ambaye hakuja laivu asipewe makombo. Hapo ndo pagumu aisee, wengi tunarekodi tu Zoom tunatupia kwenye grupu tunasema tumemaliza.

Nikaanzia mwisho: mtu akimaliza kozi aweze kufunga hesabu ya siku, ajue faida yake bila kubahatisha, atenganishe hela ya biashara na ya nyumbani. Kisichompeleka huko nikakitoa, hata mada nilizozipenda. Kila somo likawa voisi ya WhatsApp ya dakika sita, haifiki hata MB 2, picha ya ukurasa mmoja, na kazi. Laivu ikahamia Jumapili mchana, ya maswali tu, anayetaka anakuja, na majibu yote nayaandika ili ambaye hakuwepo ayakute. Kuna kipindi nilijaribu kuondoa kabisa tarehe za mwisho, kazi zikalundikana watu wakaanza kuona aibu kurudi, nikarudisha, ila wiki mbili kwa kila somo.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni zile kazi. Niliachana na mifano ya kutunga ya "Juma ana duka", nikasema kila mtu apige picha daftari lake mwenyewe. Dada wa chipsi, aliyekubali kujaribu tena, akatuma kauntabuku ina madoa ya mafuta, hela imepungua 4,500 na hajui imeenda wapi. Grupu zima likamvaa, umelipa mkaa? ulikosea chenji? mpaka fundi cherehani mmoja akauliza viazi vinafikaje hapo bandani. Bodaboda! 1,500 kila safari, siku hiyo zilikuwa tatu, na hakuwahi kuziandika hata mara moja. Mimi sikuchangia neno, nilikuwa nasoma meseji tu huku nimefurahi ajabu.

Wiki iliyofuata picha yake ilikuja na safu mpya kapiga kwa rula, juu kaandika BODA.