Nilivyobadilisha meni swichi bila kugusa sili ya mita

Jumapili jioni nilikuwa napiga pasi sare za watoto, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikadhani ni pasi. Nikaichomoa, harufu ikabaki palepale. Nikaifuata kwa pua mpaka koridoni, nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha meni swichi, swichi kuu ya nyumba nzima. Kilikuwa cha moto kama sufuria ya uji.

Nyumba ni ya mama, iko Tabata, ya miaka ya 1990, na uani kuna wapangaji wawili. Wote tunatumia mita moja ya LUKU. Kwa hiyo swichi ile ikiungua, tumeungua wote.

Fundi wa kwanza alikuja usiku uleule. Akamulika kwa simu, akasema swichi imekufa, inunuliwe mpya. Hapo tulielewana. Tuligombana kwenye namna ya kukata umeme. Waya wa kutoka kwenye mita unaingia juu ya meni swichi. Ukishusha mkono wa swichi, nyumba inakuwa giza, lakini pale juu volti 230 zinabaki zinakusubiri. Ukitaka kuitoa swichi yenyewe ukutani, lazima umeme ukatwe kabla haujaifikia.

"Dada, nipe elfu hamsini," akasema. "Nakata sili, nachomoa waya kwenye mita, namaliza. Kuna jamaa yangu atarudishia sili nyingine." Sili ni kile kifungo cha shirika la umeme, TANESCO, kinachoonyesha mita haijafunguliwa.

Nikamuomba leseni. Imebaki nyumbani, eti. Watu wa hivi tunawaita vishoka, na nakiri kidogo nikubali, maana kesho yake ilikuwa shule na friji ilikuwa na samaki. Nikampigia mama. "Mita ina jina langu," akasema. "Sili ikikutwa imekatwa, nitakayeitwa ni mimi, siyo huyo mwanaume." Nikamshukuru fundi, nikashusha meni swichi ili isiendelee kupata moto, tukalala bila feni. Mbu wa Tabata wanajua siku ambayo feni haipo.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa pili. Kabla sijauliza chochote akatoa kadi yake ya leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, akaniachia niisome. Kisha akanyoosha bisibisi bila kugusa, akaonyesha pale waya wa mita unapoingia. "Mwanangu, mpaka wangu ni hapa. Kutoka hapa kurudi kwenye mita na nguzo ni mambo ya TANESCO. Wakate wao, nifanye yangu, warudishe wao."

Nikaenda ofisi yao ya eneo letu na namba ya mita na picha ya ile swichi, nikaeleza kwamba naomba tukatiwe kwa muda fundi abadilishe. Kesho yake asubuhi wakaja. Mmoja akapanda ngazi, akaachanisha waya wetu nguzoni, akashuka. Skrini ya mita ikazimika.

"Tayari mzee, anza," nikamwambia.

Wala hakuanza. Alichukua kipimo chake chenye waya mbili (tesita ya bisibisi ile ya elfu mbili alisema ni ya kuangalia redio), akavuka kwenda kwa jirani, akapima kwenye soketi yenye umeme kuhakikisha kipimo ni kizima. Akarudi, akapima juu ya swichi: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), laivu na erthi (waya wa ardhini), nyutro na erthi. Sifuri, sifuri, sifuri. Halafu akarudi tena kwa jirani kupima soketi ileile, isije ikawa kipimo kimekufa njiani. Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

Kisha akauliza, "Nani humu ana jenereta?"

Kimya. Kinyozi wetu, mpangaji wa uani, akainua mkono kama mwanafunzi. Ana kajenereta kadogo, na waya wenye plagi pande zote mbili: plagi moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, umeme unarudi kinyumenyume mpaka kwenye meni. Na siku hiyo alikuwa na wateja wanasubiri. Angeliwasha, lile jenereta lingepeleka umeme moja kwa moja kwenye vidole vya mzee. Mzee akauomba ule waya, akautia kwenye begi lake, akafunga zipu.

Kazi yenyewe haikuchukua hata masaa mawili. Swichi ya zamani ilipofunguka tukaona chanzo: skrubu ya nyutro ililegea, shaba imekuwa nyeusi, na ganda la waya linapukutika kama la karanga. Akakata mpaka akafikia shaba safi, akafunga swichi mpya inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, akakaza kila skrubu, kisha akavuta kila waya kwa mkono.

Wa nguzoni wakarudi jioni wakaunga. Mzee akapima tena, ndipo akapandisha swichi. Nikapiga pasi shati moja huku mkono wangu mwingine uko juu ya kifuniko. Baridi.

Kinyozi akaja kudai waya wake. Mzee akafungua begi, akakata plagi moja kwa koleo, akampa uliobaki.

"Ukitaka jenereta, niite nikufungie chenji ova, swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta, visikutane."