Umeinua Prado inchi mbili, sasa tairi saizi gani?

Wadau wa Prado 150 na Hilux wananiuliza sana hili swali, na mara nyingi mtu anakuja keshachagua kabisa, anataka tu nimwambie sawa. Kashafunga springi na shokapu za kuinua inchi 2, gari limesimama kama twiga, sasa roho yake iko kwenye 285/70R17 (yaani upana milimita 285, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 17) maana kaiona Instagram.

Tuelewane kwanza, ile lifti, yaani hizo springi na shokapu, imeinua bodi, haijainua difu la nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Hilo liko palepale lilipotoka kiwandani na ndio hilo linalolala kwenye tuta la katikati pale malori yanapochimba njia wakati wa masika, mwenye kulinyanyua ni tairi tu. Hesabu yake rahisi, 265/65R17 ya kiwandani ina kimo cha kama milimita 776, hiyo 285/70R17 kama 831, tofauti 55, ila difu linapata nusu yake tu maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Yaani sentimita 2.7 hivi.

Na hizo sentimita unazilipia. Spidi mita ikisoma 100 we uko kama 107, gari linakuwa zito kuondoka, mafuta yanapanda, na spea yenyewe kama inakaa mlango wa nyuma basi bawaba zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa, kwenye rafu utausikia mlango unacheza. Tairi la mbele nalo ukikata kona linasugua plastiki za ndani ya madigadi, fundi anachukua grenda.

Mi kwa gari la inchi 2 nasema 265/70R17, kimo kama milimita 803, kwa kawaida inaingia bila kukata kitu, spidi mita inapotea asilimia 3 tu na nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zinadanganya juu kidogo, kwa hiyo hata hutoona.

Halafu rimu, hapa ndo watu wanapigwa. Wanaangalia matundu 6 yameingia basi wamemaliza, kumbe ishu ni ofseti, yaani umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye habu, huandikwa ET, na ikipungua rimu inatoka nje. Rimu ya kiwandani ya Hilux ya upana wa inchi 7.5 yenye ET30, ukaitoa ukaweka ya inchi 9 yenye ET0, ukingo wa nje unatoka karibu sentimita 5!! Tope lote linarukia milangoni na vioo, beringi zinaumia, usukani unavutavuta kwenye mashimo, na tairi ambalo lingepita vizuri na rimu ya zamani sasa linagonga. Kama hizo za kiwandani hazijapinda bakiza, pesa weka kwenye tairi. Na rimu za inchi 20 kwa porini hapana jamani, ule ubavu wa tairi ndo unaokusaidia ukipunguza upepo kwenye mchanga, ukibaki mwembamba jiwe moja tu linakata rimu.

Ukishafunga usikimbilie lami. Panda na gurudumu moja la mbele kwenye jiwe, usukani kata mpaka mwisho, kushoto na kulia, kisha rudia ukiwa rivasi maana kuna sehemu inagusa ukirudi nyuma tu. Afu alaimenti, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi.