Kitanda cha Ulaya, godoro la Bongo

Jamaa wa kontena alinipigia saa moja asubuhi, natoka zamu ya usiku, viatu vimelowa mvua ya Leicester, Uingereza. "Dada, mzigo umefika. Kuna laki mbili na arobaini ya kumalizia." Nikamuuliza kumalizia nini, maana nilipomlipa pauni 180 aliniambia ni mpaka mlangoni, nikae tu nisubiri picha. Akasema bandari, akasema ghala, akasema dada mambo ni mengi. Nikalipa. Ningefanyaje? Kitanda kiko Dar, mimi niko huku, na wanangu watatu wanalala godoro moja la tano kwa sita nyumbani kwa mama yangu Tabata, mzungu wa nne, miguu ya huyu puani kwa yule.

Kitanda chenyewe nilikinunua pauni 60 kwa familia moja ya mtaa wa pili ambayo watoto wao wameshakuwa wakubwa. Dabo deka, mbao za msonobari zilizopakwa rangi nyeupe, safi kama kimetoka dukani. Nikakifungua mwenyewe, boliti nikazitia kwenye soksi mbili, soksi nikazibandika kwenye nguzo kwa selotepu. Wiki nzima nilitembea kifua mbele. Sasa jumlisha: 60, na 180, na hiyo laki mbili na arobaini, halafu nenda Keko kwa maseremala ukaulize dabo deka ya mkongo inachongwa kwa bei gani. Mimi nilikwenda kuuliza baada ya kulipa.

Utasema kwa nini sikumtumia mjomba wao hela akachongeshe hukohuko. Nilimtumia. Laki nne. Hela ilifika, pikipiki ikapata injini mpya. Tuyaache, ni ndugu yangu tumbo moja, na hiyo pikipiki ndiyo inayowapeleka shule.

Na kwa nini watoto sikuwachukua? Viza yangu ya kuhudumia wazee ilitoka mwaka 2024, miezi miwili baada ya Machi 11, siku ambayo Uingereza ilikataza wahudumu wapya kuja na mume, mke au mtoto. Ninaofanya nao kazi, waliotuma maombi kabla ya tarehe hiyo, wanakwenda kuwachukua watoto wao shuleni saa tisa. Mimi naangalia simu. Tangu Julai 22, 2025 hata mlango wa kuja peke yako kwa kazi hii umefungwa, waajiri hawaruhusiwi tena kuleta wahudumu wapya kutoka nje. Kwa hiyo wewe unayeambiwa hapo Sinza kwamba kuna barua ya mwajiri ya kutunza wazee inauzwa milioni kumi na tano, na watoto utawaita baadaye, kaa na milioni zako. Nunua bajaji, ulale na wanao.

Kitanda kilichukua miezi minne baharini. Meli nyingi wakati huo zilikuwa zinaikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zinazunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mwanzoni niliona fahari kuwaambia wanangu kitanda chao kiko njiani kinapita Cape Town. Mwezi wa tatu wa kusubiri wakaacha kuuliza.

Desemba nikapata likizo, nimeilimbikiza makusudi, nikashuka Dar na mabegi mawili. Ngoja kwanza niwaambie kuhusu chumba. Ni futi kumi kwa kumi na moja. Chumba changu cha Leicester ni mita za mraba 6.8, nimekipima. Sheria ya England inataka chumba cha mtu mzima mmoja kwenye nyumba za kupanga pamoja zenye leseni kisipungue 6.51, na mwenye nyumba wangu anajua hesabu. Cha watoto ni zaidi ya mita kumi, kwa hiyo kwa kukitazama kwenye video nilikuwa nakiona ukumbi. Sikuwa nimehesabu mabegi manne ya shangazi kaja yaliyojaa nguo, meza ya cherehani, ndoo za maji ya akiba, na kabati lisilofunga lililogusana na ukuta wa nje. Nyuma yake, tangu masika, ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, na mashati ya shule yananuka.

Katikati kimesimama kitanda cha Ulaya. Mjomba mtu alikuwa amekifunga. Soksi moja ya boliti ilipotelea njiani, akaweka misumari ya inchi nne. Magodoro alinunua mawili, tatu kwa sita, unene inchi nane, "ili watoto wajisikie." Lakini kitanda cha mtu mmoja cha kule kina sentimita 90 kwa 190. Futi sita za godoro letu ni sentimita 183. Upana linaingia kwa kubanwa kidogo, ila miguuni inabaki nafasi ya sentimita saba, karibu inchi tatu. Usiku wa kwanza niliingia na tochi nikakuta mguu wa kitinda mimba umepenya kwenye pengo hilo mpaka nusu ya ugoko, unaning'inia juu ya uso wa kaka yake.

Nilishtuka kuliko mwingine angeshtuka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Kila zamu nakagua mianya kati ya godoro na ukingo wa kitanda cha bibi na babu za watu, kwa kuwa mkono au kichwa kikinasa hapo ni msiba. Nikageukia ukingo wa juu. Kwenye nguzo kuna mstari umechorwa, kiwandani waliweka: godoro lisipite hapa. La inchi nane lilikuwa limeupita mbali, ukingo umebaki vidole viwili. Unatakiwa ubaki sentimita 16 juu ya godoro. Tena kule wanakwambia mtoto asiyefikisha miaka sita asilale juu kabisa, na huyu wangu sita aliitimiza Novemba. Na juu ya hayo yote, pangaboi. Mtoto akikaa kitako na kunyoosha mkono analigusa. Mama yangu alishaliona hilo zamani, akalikatia umeme, kwa hiyo wanangu walikuwa wanalala joto la Desemba bila upepo ili wafaidi kitanda cha mama yao.

Kesho yake Keko. Fundi mmoja wa makamo nikampa shikamoo, akaitikia, nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Umekitoa wapi hiki, mama?"

"Uingereza."

Akaweka penseli chini ili acheke vizuri. "Na mbao za hapa ziliisha?"

Mkongo, laki sita na nusu. Mninga, tisa. Na zingekuwa futi tatu kwa sita, vipimo vya godoro la dukani Mbagala, la dukani Mwanza. Niliumia. Nikamwambia kipya siwezi, aje akirekebishe hichohicho. Akaja na bodaboda, mbao kaziegemeza begani, akafanya kazi uani kwa mama siku mbili.

Aling'oa misumari, akatia boliti. Godoro la juu akalisukuma miguuni kabisa ili pengo libaki upande wa kichwa, akalijaza kwa kisanduku chembamba cha mbao. Sasa ni rafu ya inchi tatu: tochi, saa ya mkononi, na kisoda kimoja ambacho sijaelezwa thamani yake. La inchi nane likashushwa, nikanunua la inchi nne la juu, mstari ukaonekana. Wa miaka tisa ndiye anayelala juu, kitinda mimba kalia siku nzima kisha akasahau. Nguzo nne akazirefusha kwa vijiti ili chandarua kikae wima kisimfunike mtoto usoni, cha chini kinafungwa kwenye chaga za juu. Fundi umeme akaondoa pangaboi na kuweka feni ya ukutani juu ya mlango. Kabati likasogezwa shubiri moja kutoka ukutani hewa ipite. Usilibandike kabati ukutani, Dar, kama ukuta huo unapigwa na mvua.

Mabegi ya shangazi kaja tuliyamwaga ukumbini. Nusu ya nguo hazimwenei mtu. Na mimi nilikuwa nimeleta viatu! Nilivinunua kidogo kidogo, mwaka mzima, kwa miguu niliyoikumbuka. Vya wa kati vikamwenea mdogo wake. Vya mdogo wakapewa jirani. Vya binti mkubwa hakuna wa kumpa; amevaa vyangu, na vinambana.

Sasa huyo binti. Ana miaka kumi na miwili. Nilipokuwa nahangaika na mianya na mistari, mama aliniita jikoni. "Mwanangu, huyu mwenzao hawezi kulala humo tena. Dini imesema, wakifika kumi watenganishwe malazi." Nikacheka, maana sheria ya nyumba ya kule, ya mwaka 1985, inasema karibu hivyohivyo: wa kike na wa kiume waliofika miaka kumi wasilazimike kulala chumba kimoja. Hata hesabu ya ukubwa inakubali, futi za mraba 110 ni watu wawili, na mtoto wa chini ya kumi anahesabiwa nusu. Wanangu wanajaza hasa hasa. Kwa Waingereza wamebakiza miezi mitano, mwenye tisa afikishe kumi. Kwa mama yangu muda ulishapita.

Chumba kingine hakuna. Kukaa chumba cha bibi yake akakataa, bibi anakoroma na anawasha redio alfajiri. Nikamwambia fundi amchongee kitanda chake, tatu kwa sita, upande wa pili, apokee lile godoro la pili la inchi nane, na mbele yake tupitishe waya wa pazia kutoka kabatini mpaka ukutani. Mama akatoa kitenge chake kizuri, kile cha harusi ya mdogo wangu. Ni ya muda, tunajua. Mwakani itabidi wavulana wahamie sebuleni usiku, kama kaka zangu walivyolala kwenye korido Magomeni.

Nikamuuliza binti, wewe unataka nini kingine? Nilitegemea taa, kioo, meza ya kusomea. Akaangalia mlango kwanza.

"Droo yenye ufunguo."

Sikuuliza ya nini. Fundi naye hakuuliza. Aliichonga chini ya kitanda, akatia kitasa cha shaba alichokuwa nacho kwenye boksi lake, na siku ya kulipana akahesabu boliti, mbao, vijiti, vanishi, ufundi siku mbili. Nikamwambia droo umeisahau. "Hiyo haimo," akasema. "Na mimi nina wa kike wawili." Nikamwongezea elfu ishirini, akairudisha kwa mama yangu, akidai ni ya maji aliyokunywa.

Kitasa kilikuja na funguo mbili. Moja binti kaivaa shingoni kwa uzi mweusi. Ya pili alikuwa nayo mkononi jioni ile ya kunisindikiza uwanja wa ndege, anaizungusha kidoleni, nami nikawa nimeshafungua zipu ya mfuko mdogo wa pochi, pale ninapoweka pasipoti. Tulipofika getini akamwita bibi yake, akampa.