Zege Hailali: Septemba 2013 Mjini Kabul

Rubani alipoinamisha bawa la kushoto ili kukabili njia ya kutua mjini Kabul, niliziona kwa mara ya kwanza: ndege za mizigo za rangi ya kijivu, zenye injini mbili za pangaboi, zimepangwa safu upande wa kijeshi wa uwanja, na hapakuwa na fundi, lori la mafuta wala askari aliyezikaribia. Abiria aliyeketi kando yangu, mfanyabiashara aliyekuwa akirudi kutoka Dubai na maboksi ya simu, alifuata macho yangu, akacheka kidogo na kusema kwamba hizo ni ndege za kutazamwa tu.

Zilikuwa G222, ndege za Kitaliano zilizokwisha kutumika, ambazo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilizinunua 20 na kuzifufua kwa ajili ya jeshi la anga la Afghanistan. Mradi wote uligharimu dola milioni 549. Vipuri vilikuwa adimu, matengenezo hayakwenda, na miezi michache kabla ya safari yangu mpango ulikuwa umefutwa. Kumi na sita kati yake zilibaki pale Kabul, zikipigwa na jua na vumbi la Septemba.

Mimi si mwanasiasa wala mwanajeshi. Ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kupima kilichojengwa, kukilinganisha na kilichoandikwa kwenye mkataba, na kusema kinastahili kulipwa kiasi gani. Niliitwa kutoka Dar es Salaam na kampuni ambayo sitaitaja, iliyopewa kazi na kampuni nyingine, nayo ilikuwa imepewa na nyingine iliyo juu yake. Nilitakiwa kwa wiki mbili kupima majengo ya shule moja nje ya mji, na barua ya mwaliko ilisisitiza kwa herufi nzito kwamba hati ya malipo iwe imesainiwa kabla ya tarehe 30 Septemba. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani hufungwa siku hiyo. Sisi tuliowahi kufanya kazi na halmashauri zetu tunaujua mwezi wa Juni jinsi ulivyo, vocha zinavyotembea usiku na wazabuni wanavyolala korido, kwa hiyo barua ile haikunishangaza. Kilichonishangaza baadaye ni ukubwa wa Juni ile.

Nyumba ya wageni niliyofikia ilikuwa na ukuta mrefu, magunia ya mchanga langoni, na jenereta iliyokuwa ikinguruma chini ya dirisha langu tangu magharibi hadi alfajiri, kwa sababu umeme wa mji ulikuwa ukija na kukatika. Dereva niliyepewa, kijana mpole aliyesomea hesabu chuoni na kukosa kazi, ndiye aliyekuwa macho na masikio yangu. Tuligundua siku ya kwanza kwamba lugha zetu zimekopa katika kapu moja la Kiarabu: kitabu, dunia, wakati na hesabu vyote alivitamka karibu kama ninavyovitamka mimi, na kwa maneno hayo manne mtu anaweza kufanya ukaguzi wa majengo kwa sehemu kubwa. Aliniita Injinia Sahib, nami nikachoka kumsahihisha.

Asubuhi ya pili tulielekea mashariki. Mji ulipoanza kuyapisha mashamba makavu, alinionyesha kwa kidevu mabanda makubwa na mabomba ya moshi yaliyosimama wima bila moshi. Ni Tarakhil, alisema. Nilikwisha kusoma juu yake. Ni kituo cha umeme wa dizeli chenye uwezo wa megawati 105, kilichojengwa kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, kwa dola milioni 335. Nilimwomba apunguze mwendo. Mahali safi, uzio umenyooka, barabara ya kuingilia imetiwa lami nzuri kuliko ile tuliyokuwa tukipita. Kasoro yake haikuwa katika zege. Dizeli ilipaswa kuletwa kwa malori kutoka nchi za nje, kupitia milima na vizuizi, na umeme uliopatikana ulikuwa ghali mno ukilinganisha na ule unaotoka Uzbekistan kwa nyaya. Serikali ya Kabul haikuwa na uwezo wa kuulipia, hivyo kituo kikawa cha akiba, cha kuwashwa siku za dhiki. Mwaka 2015 wakaguzi waliandika kwamba kilikuwa kikitumika chini ya asilimia 1 ya uwezo wake. Nami usiku uliotangulia nilikuwa nimelala juu ya jenereta ya mwenye nyumba, kilomita chache tu kutoka pale.

Shule yenyewe ilikuwa na vyumba vya madarasa vinane, ofisi, vyoo na kibanda cha jenereta. Kwa mbali ilipendeza. Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa kuukwaruza ukuta na ufunguo wa chumba changu, kwa sababu plasta huwa haina siri kwa ufunguo. Iliyochanganywa vizuri hukwaruzika mstari mweupe na kuishia hapo. Hii ilimwagika mchanga kama mtu anayepekecha kiazi kilichooza, hadi ufunguo ukagusa tofali. Chini ya lenta ya dirisha la darasa la tatu niliona nondo imechungulia, ina kutu, nikaipima: milimita 10 mahali ambapo mchoro ulidai 16. Vyoo vya wasichana vilikuwa na masinki yaliyofungwa kwa ustadi, na bomba lililoingia ukutani na kutokea upande wa pili likiwa halijaunganishwa na kitu chochote. Niliandika yote. Zege lenyewe la msingi lilikuwa zuri, na haki yake niliipa. Aliyelimwaga alijua kazi yake, na huenda aliondoka kabla ya wale waliokuja kupandisha kuta.

Mlinzi wa shule alikuwa mzee mwenye kilemba, na dereva wangu alikuwa akimwita Kaka. Nilidhani ni ndugu yake mkubwa, na kwa umri wao nikaanza kuihurumia familia hiyo, mpaka nilipoelezwa kwamba kwa lugha yao kaka ni baba mdogo, na kila mzee huitwa hivyo kwa heshima. Nami nikamwita Kaka. Alitufungulia kibanda cha jenereta. Mashine ilikuwa bado ndani ya sanduku lake la mbao, haijafunguliwa. Juu ya sanduku mzee alikuwa ametandika godoro, na pembeni kuna birika na glasi mbili. Nilimuuliza, kupitia kwa dereva, kama imewahi kuwashwa. Alijibu kwa sentensi ndefu, na dereva akaifupisha: anauliza, dizeli atanunua nani? Mwalimu mkuu hana fungu la chaki.

Swali hilo la mlinzi lilikuwa limekwisha kuandikwa mahali pengine, na watu wenye mamlaka makubwa. Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliunda ofisi ya Mkaguzi Mkuu Maalumu wa Ujenzi Mpya wa Afghanistan, maarufu kama SIGAR, na tangu 2012 ilikuwa ikiongozwa na John Sopko, aliyekuwa mwendesha mashtaka hapo zamani. Mapema mwaka 2013 ofisi hiyo iliweka mezani maswali saba ambayo kila mtoa maamuzi angepaswa kuyajibu kabla ya kutumia fedha, na miongoni mwake: je, Waafghani wanauhitaji mradi huu, na je, wanao uwezo wa fedha, ujuzi na nia ya kuuendesha? Hata hayo hayakuwa mapya. Sheria ya Misaada ya Nje ya Marekani ya mwaka 1961, katika kifungu chake cha 611, inataka mradi wa miundombinu unaozidi dola milioni 1 uwe na uthibitisho wa mkuu wa ofisi iliyoko katika nchi husika kwamba nchi hiyo inaweza kuutunza na kuutumia. Maana yake ni kwamba kanuni ya kumjibu Kaka ilikuwepo kwa miaka mingi.

Kwa nini basi haikufanya kazi? Jibu nililipata jioni ya tarehe 27, katika chumba chenye kiyoyozi, mbele ya meneja wa mradi. Alikuwa mtu muungwana, na sikuona dalili yoyote kwamba alikuwa akila rushwa. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi wakisikia habari za fedha zilizopotea hudhani lazima kuna mwizi. Alisoma orodha yangu ya kasoro, kurasa tatu, akakubaliana na karibu zote. Kisha akanieleza taratibu kwamba fedha isipotoka kabla ya siku tatu, fungu linarudi, mwaka unaofuata bajeti inakatwa, na yeye atahesabiwa kuwa ameshindwa kazi. Hakuna aliyewahi kumpima kwa idadi ya watoto wanaosoma. Alipimwa kwa fedha zilizotumika kwa wakati. Nilisaini, nikaambatanisha kurasa zangu tatu na kuandika kwamba kazi haijakamilika. Malipo yalitoka kamili kesho yake. Nyumbani tunasema zege hailali, yaani ikishachanganywa lazima imwagwe siku hiyo hiyo. Pale ni bajeti ndiyo iliyokuwa hailali.

Ndiyo maana siridhiki na mageuzi yanayoishia kwenye kuongeza wakaguzi. SIGAR ilifanya kazi ya kusifiwa, na bila ripoti zake tusingejua hata nusu ya haya, lakini mkaguzi anafika zege ikiwa imekwisha kukauka. Aliweza kuandika na kupendekeza, hata kuwapeleka wezi mahakamani. Hakuwa na uwezo wa kusimamisha mradi wa kipumbavu unaotekelezwa kihalali. Kinachohitajika ni kuziruhusu fedha za ujenzi mpya zivuke mwaka bila adhabu, ili afisa anayesema tusubiri asionekane mzembe, na kukipa kile kifungu cha 611 meno: aliyethibitisha kwamba nchi itauendesha mradi arudi baada ya miaka mitatu kuonyesha kama unaendeshwa, na jina lake liwe juu ya ukurasa.

Katika safari ya kurudi, uwanja wa Dubai, nilisikia mtu nyuma yangu akilalamika kwa Kiswahili cha Mombasa kuhusu bei ya chai. Alikuwa amefanya kazi jikoni katika kambi ya Leatherneck, mkoani Helmand, kambi kubwa ya wanamaji wa Marekani, wale waitwao Marines, ambako Wakenya na Waganda hawakuwa wachache. Nilipomwambia nilikotoka na kazi niliyoifanya, akaguna.

"Ndugu yangu, wewe umeona shule. Sisi kwetu kuna nyumba haina dirisha hata moja, ina viti vyenye nailoni bado, na baridi ya AC kama Limuru. Hakuna anayekaa. Twapita nje, twaiangalia."

Nyumba hiyo ninaijua kwa namba. Ni makao makuu ya kamandi ya jeshi yenye futi za mraba 64,000, yaliyogharimu takriban dola milioni 36. Mei 2010, kabla ya ujenzi kuanza, jenerali wa wanamaji aliyekuwa pale Helmand aliandika kwamba hawaihitaji. Jenerali mwingine, akiwa mbali na Helmand, aliamua kwamba isingekuwa busara kuufuta mradi ambao fedha zake zimekwisha kuidhinishwa na Bunge. Ikajengwa, ikakamilika, na haikuwahi kutumika kwa kazi iliyokusudiwa. Huyu aliyesema hatuitaki ndiye aliyekuwa mwenye nyumba mtarajiwa, na bado neno lake lilikuwa jepesi kuliko fungu.

Mwaka uliofuata sikuitwa tena Kabul, na sikutegemea kuitwa. Julai 2014 SIGAR ilitangaza kwamba fedha zilizotengwa kuijenga upya Afghanistan, zikirekebishwa kwa mfumuko wa bei, zilikuwa zimepita zile za Mpango wa Marshall uliozifufua nchi 16 za Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwezi Oktoba zikaja habari za ndege zangu za kijivu. Zote 16 zilikuwa zimekatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa senti 6 za dola kwa kila ratili. Jumla iliyopatikana ilikuwa dola 40,257.

Siku chache baadaye nilipita mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta mabati, nikaona nimuulize mzee mmoja wa vyuma chakavu ninayemfahamu. Nilikuwa nimepiga hesabu: senti 6 kwa ratili ni kama senti 13 kwa kilo, zaidi kidogo ya shilingi 200 kwa dola ya wakati ule. Nilimwambia kuna mtu ameuza bodi za ndege, aluminiamu tupu, kwa bei hiyo. Aliacha mizani, akafuta mikono kwenye suruali.

"Kwa mia mbili? Yuko wapi huyo?" akasema. "Hebu nipe namba yake kabla hajauza nyingine."