Betri ya kati

Jumatatu taa ya baiskeli ilinizimikia kabla sijafika Sae, hapa Mbeya. Saa 11 alfajiri, Julai hii, ukungu umelala barabarani na malori ya Tunduma yananguruma nyuma yangu. Nikashuka, nikaikokota baiskeli pembezoni mpaka kulipopambazuka, vidole vimekufa ganzi.

Taa yenyewe ni ya mtumba, niliinunua Mwanjelwa pamoja na baiskeli. Ndani ina betri tatu za kuchaji, saizi ya betri za saa ya ukutani, zimeungwa mfululizo. Kila moja volti 1.2, jumla 3.6. Mwaka juzi iligoma, nikampelekea fundi redio. Akazipima moja moja: 1.27, 1.25, ya kati 0.3.

"Ya kati imekufa, mwalimu. Ila badilisha zote."

Nikaona ananitafutia hela. Nikamwambia aweke moja tu. Akanitazama, akaweka.

Tangu Juni taa ikawa na vituko: mchana mezani inawaka vizuri, alfajiri inafifia. Nikasingizia swichi. Nimeisugua kwa msasa mara mbili, bure. Kumbe baridi hupunguza nguvu ya betri, na iliyochoka ndiyo inayosalimu amri kwanza.

Leo nimerudi kwa fundi. Hakucheka, namshukuru. Mkondo ukipita kwenye betri zilizoungwa hivyo, anasema, zote zinabeba mzigo uleule. Dhaifu inaisha mapema, wenzake bado wana nguvu wanaendelea kuisukuma, mpaka inageuka chanya kuwa hasi. Hapo inazidi kuharibika. Zile kuukuu mbili nilizoziacha zilikuwa zinangoja zamu yao tu.

Nikajaribu ubahili wa mwisho: je, hizi za kawaida za dukani, zisizochajiwa, volti 1.5? Akatikisa kichwa. Siku nikijisahau nikachomeka chaja, zitavuja au zipasuke. Ana kopo zima la betri za lithiamu alizozitoa kwenye laptop mbovu, nazo akaninyima. Zile zinataka chaja inayojua kukata zikifika volti 4.2, na chaja ya taa hii haijui kukata kitu.

Basi zikaingia tatu mpya, za aina moja, zote zimejazwa chaji kwanza. Alikwangua ncha kwa msasa, akadondosha tone la solda, akagusisha waya kwa sekunde moja hivi, akapuliza. "Ukikawia unaipika," akasema bila kuinua uso. Gharama nimemtajia mama watoto nusu yake.

Ile moja ya mwaka juzi bado inasoma 1.24. Fundi kanirudishia, nimeitia kwenye saa ya sebuleni iliyosimama tangu Pasaka. Inatembea.