Futari ya Mwembe Tayari, Mei 2020

Kafyu ya korona ilipoanza Kenya, tarehe 27 Machi 2020, mazungumzo yote Mombasa yakawa ni kuwahi nyumbani kabla ya saa moja usiku. Mimi ni mwalimu, shule zilikuwa zimeshafungwa, na kwangu Majengo si mbali na Mwembe Tayari, penye steji ya mabasi. Kila nilipokwenda kazini alfajiri nilikuwa nikiwapita watu waliolala kwenye baraza za maduka, wamejifunika magunia. Sasa redio ilikuwa ikimwambia kila mtu akae kwake, nami nikawa nawawaza wao.

Wengi hudhani mtu wa barabarani anaishi kwa kuomba tu. Pale Mwembe Tayari riziki ilikuwa ni mabasi. Vijana walibeba mizigo ya abiria wa Nairobi, wakaosha matatu, wakaokota chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo. Kina mama walifagia mbele ya hoteli wakapewa kilichobaki jikoni. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Mabasi yakasimama, hoteli zikashusha milango, na ile njia yote ya chakula ikakatika kwa mara moja. Chakula cha msaada nacho kilipokuja, kiligawiwa kwa kaya. Aliyekuja kutuandika mtaani alitaka jina, nambari ya kitambulisho na nyumba ya nani. Mtu wa barazani alikosa viwili katika hivyo vitatu, mara nyingine vyote.

Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Tulikuwa kina mama wa Majengo na wenzetu wa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, kila nyumba ikitoa ilichonacho: huyu nazi, huyu unga, huyu kuni. Masufuria makubwa na mpishi wetu hodari walikuwa Kibokoni. Tarehe 6 Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale, haingii mtu wala hatoki, na Eastleigh kule Nairobi ikafungwa siku hiyo hiyo. Masufuria yakabaki ndani, sisi tukabaki nje.

Siku ya pili yake ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tulipika uani kwangu kwa masufuria ya kuazima, na masika yalikuwa yamekolea. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa uani hadi tunapikia machozi. Tulipika mbaazi za nazi, tukanunua mikate, tukafungasha na tende. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo tulikusanya mikebe mitupu ya siagi na ya aiskrimu kutoka kila nyumba, tukaichemsha. Magharibi ilikuwa ikiingia saa kumi na mbili na kitu, kafyu saa moja. Ilibidi kugawa na kurudi kabla ya adhana, na sisi wenyewe tufuturu tukishafika nyumbani.

Tulisimamisha mkokoteni pale steji, tukaanza kupanga watu mstari, hatua mbili baina ya mtu na mtu kama tulivyoagizwa. Kijana mmoja aliyekuwa mpagazi wa mabasi akaja kando yangu.

"Mwalimu, mkisimama hapa watakula wenye miguu."

"Wengine wako wapi, mwanangu?"

"Nifuateni."

Akashika mkokoteni mwenyewe. Nyuma ya kibanda cha tikiti kulikuwa na mzee asiyeona, amekaa juu ya katoni iliyolowa. "Huyu hali pilipili, tumbo lake bovu," kijana akasema, naye mzee akacheka: "Wewe wanitangaza mpaka tumbo?" Chini ya mkokoteni uliopinduliwa walikuwamo watoto watatu, mkubwa wao hafiki miaka kumi. Kijana aligonga ubao kwanza, kama abishavyo hodi mlangoni, akangoja waitike. Alijua nani ana homa na nani amehamia Kongowea. Alijua pia nani hachukui chakula kwa mwanamume, akaniachia mimi nimpelekee. Sikuona karatasi mkononi mwake. Hesabu yote ilikuwa kichwani.

Kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi tulimkuta mama mchanga na mtoto wa wiki chache. Alikuwa ameshona magunia mawili ya mchele kwa uzi wa viatu, ameyaning'iniza upande wa mvua, na maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mshono. Mtoto alikuwa mkavu. Mama mwenyewe bega zima limelowa, kwa sababu alikuwa amemkinga mtoto kwa mgongo wake. Nikamuuliza anamwogesha vipi.

"Mtungi wa kunawa mikono ulikuwa hapo mlangoni. Saa kumi wakifunga, wanaingia nao."

Nikamwekea mkebe na tende. Akashukuru, kisha akasema, "Mamangu, chakula Mungu ataleta. Kama mnaweza, tuleteeni turubai."

Nilirudi nyumbani na hilo neno. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, na Mombasa ilikuwa ya pili kwa wingi baada ya Nairobi, watu 7,529. Kwa hiyo nchi hii ilikuwa imewahesabu watu hawa miaka miwili kabla ya janga. Iliniuma, na inaniuma hadi leo, kwamba waliohesabiwa hivyo walikosa hata mstari mmoja kwenye daftari la unga.

Nambari ya simu ya mwenye duka ilikuwa imeandikwa juu ya mlango wake. Tulimpigia usiku ule ule baada ya tarawehe, ambayo mwaka ule kila mtu aliiswali nyumbani. Tulitaka ruhusa tu ya kufunga turubai kwenye vyuma vya mlango. Akanyamaza kidogo, akauliza mtoto ana umri gani, halafu akasema turubai atatoa yeye, na mtungi wa maji ubaki nje usiku. Sharti lake moja: mtu asiwashe moto pale, kwa kuwa ndani mna rangi na thina. Kijana wetu akalichukua sharti hilo yeye, mafiga yakahamishiwa ng'ambo ya barabara.

Mipaka ya kaunti ilifunguliwa tarehe 7 Julai na mabasi ya Nairobi yakarudi, naye akarudi kubeba mizigo. Kundi letu bado linapika kila Ramadhani. Kabla hatujaloweka mbaazi, mmoja wetu hushuka Mwembe Tayari kumtafuta yeye, atuambie mwaka huu wako wangapi, wanalala wapi, na wanahitaji nini zaidi ya chakula.