Pesa ya Miwa na Pesa ya Omena

Watu wengi ninaofanya kazi nao hapa Kisumu walilelewa na mojawapo ya pesa mbili. Wapo waliokulia katika maeneo ya miwa, Kakamega, Bungoma na Busia, ambako pesa huingia nyumbani kwa mkupuo baada ya kungojewa kwa miezi mingi, na wapo waliokulia kando ya ziwa, ambako mama aliondoka alfajiri kwenda ufuoni kununua omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, na kurudi jioni na noti zilizofungwa kwenye pindo la leso. Mimi ni wa miwa na mke wangu ni wa omena. Tofauti zetu kuhusu kazi na fedha, ambazo jamaa zetu huzieleza kwa haraka kuwa ni tabia, au vibaya zaidi kuwa ni kabila, naziona zikianzia katika yale ambayo kila mmoja wetu aliyashuhudia kwao kabla hata hajajua kuhesabu.

Miwa hukaa shambani takriban miezi 18 kabla ya kukatwa, wakati mwingine zaidi, na katika kipindi hicho chote mambo ya nyumba yetu yaliahirishwa. Karo, mabati, viatu vya shule, hata mahari ya kaka yangu, yote yalisubiri miwa iende. Ilipoenda, matrela yalipita kwenye mizani ya kiwanda, kisha zikakatwa gharama za kulima, za mbegu, za mbolea, za wakataji na za usafiri, na kilichosalia kililipwa siku ambayo hakuna mtu kijijini aliyeweza kuitaja. Wapo majirani waliopokea karatasi iliyoonyesha kwamba baada ya makato hayo wao ndio waliodaiwa. Baba alipolipwa, alikuwa mtu mkubwa kwa siku chache. Nyama ililiwa, deni la dukani likafutwa, jamaa ambao hatukuwaona tangu mavuno yaliyotangulia wakafika na shida zao, na muda si mrefu nikawa natumwa tena kukopa chumvi.

Mtoto anayekulia hapo hujifunza mambo mawili ambayo hakuna anayekusudia kumfunza. La kwanza ni kwamba kati ya jasho na malipo kuna umbali mkubwa kiasi kwamba ni vigumu kuamini kuwa moja huzaa lingine. Anayeamua ni mtu mwingine, mahali pengine, kwa sababu zake. La pili ni kwamba pesa ikishaingia, ni heri itumike kabla wenye haja nayo hawajafika. Nayaona yote mawili kwa wenzangu wa miwa hadi leo. Tunaipenda stakabadhi ya mshahara kwa mapenzi yasiyo ya kawaida, kwa kuwa ina tarehe, na tunaogopa biashara hata pale ambapo hesabu zake zinaonekana wazi. Lakini mkopo wa sacco ukiidhinishwa, mtu yuleyule mwangalifu, ambaye mwezi mzima alikuwa akihesabu nauli, huumaliza kwa kasi inayowashangaza wote isipokuwa sisi tuliokua naye.

Mke wangu alikulia katika hali ambayo kwa hesabu ya shilingi haikuwa bora kuliko yetu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti tena samaki kama usiku wa giza, hivyo kila mwezi huwa na siku ambazo ufuo hauna kitu. Mvua ikinyesha kabla omena hawajakauka, wanaharibika na kuuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo hasara aliijua mapema. Hata hivyo kila jioni aliona mama yake akizitandika noti mkekani na kuzigawa, hii ya mtaji, hii ya unga, hii ya chama, na alijua kwamba mwezi ukianza kujaa angani sehemu ya unga ilipaswa kuongezwa. Upungufu ulikuwa na kalenda. Yeye leo haogopi kupoteza fedha katika biashara, bali husema kwamba anayengoja mwisho wa mwezi anamkopesha mwajiri kazi ya siku 30 bila riba. Asichokiamini ni chochote kinacholipwa baadaye: pensheni, bima, kiwanja ambacho hajakikanyaga kwa miguu yake.

Nikilinganisha nyumba hizo mbili, sioni kwamba umaskini wenyewe ndio uliotutenganisha. Kilichotutenganisha ni kama pesa ilikuwa na utaratibu ambao mtoto angeweza kuuona na kuutegemea, na hapa utafiti unaniunga mkono zaidi ya nilivyotarajia.

Wengi wamewahi kusikia, hasa katika semina za kazini na hata mimbarini, habari za majaribio ya Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, ambapo mtoto aliachwa na peremende moja na kuahidiwa ya pili endapo angesubiri. Waliosubiri, tunaambiwa, walifanikiwa zaidi maishani. Kinachosahauliwa na wasimulizi hao ni kwamba mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia swali hilo kwa watoto zaidi ya 900, na wakakuta uhusiano huo ni mdogo kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba ulipungua zaidi walipozingatia hali ya familia na malezi ya mtoto. Kabla yao, Celeste Kidd wa Chuo Kikuu cha Rochester alikuwa amefanya jambo ambalo mimi naliona la busara zaidi. Watoto 28 waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea, kisha vibandiko bora. Nusu yao waliletewa kama walivyoahidiwa, na nusu wakaombwa radhi mara zote mbili kwamba havikupatikana. Ndipo wakapewa jaribio la peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa takriban dakika 12, na walioangushwa dakika 3. Ahadi mbili zilizovunjika zilitosha, nasi tulikuwa na kiwanda kizima.

Wala si kiwanda peke yake. Nani kati yetu hakupewa noti ya shilingi 50 na mgeni, kisha mama akanyoosha mkono kwa upole na kusema, leta nikuwekee? Noti hizo zilinunua mafuta ya taa na sukari, wala simlaumu, kwa sababu nyumba ilizihitaji. Lakini hilo ndilo lililokuwa somo letu la kwanza kuhusu benki, na mtu mzima anayetaka kuona fedha zake mkononi badala ya kuziacha kwenye akaunti pengine hana ujinga wowote.

Yupo atakayedai kwamba tatizo ni sisi Waafrika kutojua kungoja. Bettina Lamm na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio hilohilo kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso nchini Kamerun na wenzao wa Ujerumani. Watoto wa Nso, ambao badala ya peremende waliwekewa kitumbua cha unga wa ngano kinachofanana na mandazi yetu, walisubiri hadi mwisho kwa karibu asilimia 70. Wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Watafiti wanahusisha jambo hilo na malezi ya akina mama wa Nso, wanaomtarajia mtoto awe mtiifu na kuzuia hisia zake tangu akiwa mdogo. Nalikubali, ila naongeza kwamba utiifu si akiba. Wazazi wetu walisubiri miezi 18 kwa adabu kubwa, mavuno baada ya mavuno, na adabu hiyo haikuwajengea chochote, kwa kuwa aliyesubiriwa hakuwa na wajibu wowote aliouheshimu.

Nisiyaache mazungumzo haya yakaishia kichwani tu, kwani mwili wa mtoto nao una hesabu yake. Katika kaunti ya Busia, kuanzia mwaka 1998, shule 75 za msingi ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo, na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, pamoja na wenzao, wakaendelea kuwafuatilia watoto hao kwa miaka 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliotibiwa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na mapato ya saa yaliyozidi kwa asilimia 13 na matumizi yaliyozidi kwa asilimia 14. Hakuna aliyewafunza nidhamu ya fedha. Walimeza vidonge. Kila ninaposikia kijana wa kwetu akiitwa mvivu, hukumbuka takwimu hizo na kujiuliza alikula nini alipokuwa darasa la pili.

Haya yote hayana maana kwamba mtu hufungwa maisha na utoto wake. Ulrike Malmendier na Stefan Nagel, walioangalia Wamarekani na uwekezaji wao katika hisa, walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu aliyeishi katika nyakati mbaya za soko huogopa hatari zaidi, na kwamba yaliyompata karibuni yana uzito mkubwa kuliko ya kale, ingawa ya kale hayafutiki kabisa. Nyumbani kwetu tumefika mahali pa kuridhiana: mshahara wangu unaingia kwa mkupuo, kama miwa, kisha mke wangu anaugawa kwa siku, kama omena, nami nimezoea kuulizwa tarehe 12 kwa nini nimegusa sehemu ya tarehe 20.

Kwa watoto tumekubaliana mambo mawili tu. Mgeni akiwapa pesa, tunaiandika kwenye daftari lililo karibu na runinga, na mwenyewe anaweza kuidai Jumamosi yoyote bila kuulizwa ni ya nini. Pili, hatusemi kesho tunapomaanisha hapana. Mwezi uliopita kifungua mimba wetu alidai zote akanunua mpira, ukapasuka siku ileile. Mke wangu anashikilia kwamba nilipaswa kumzuia abakize angalau mtaji. Mimi nashikilia kwamba lililohitajika ni aikute pesa alipoitaka. Bado tunabishana, na mdogo wake tayari ameulizia daftari.